Kamba wa Westlands na Debe la Mrututu

Atieno na Mutua, matangi sasa ni yenu. Siku ya kuniaga, Mutua aliniomba niandike kwenye daftari jinsi ninavyowaweka kamba wadogo katika tangi moja na samaki bila wao kuliwa au kufa kwa sababu isiyojulikana. Nimekaa na daftari hilo wiki tatu. Mambo ya kamba yanaenea kurasa mbili. Lakini kila nikianza kuyaandika, mkono unanipeleka kwenye siku moja ya Westlands wakati wa Hali ya Hatari, na naona nisipoieleza siku hiyo, kurasa zenyewe zitakuwa na uongo ndani yake. Vyeo sitavitaja. Cheo changu cha kwanza kilikuwa "wewe," na cha mwisho mnakijua.

Nilianza katika duka la Bwana Velji, katikati ya jiji, kwenye barabara iliyojaa wauza nguo na mafundi cherehani. Mbele ya duka kulikuwa na mbegu za maua na vizimba vya ndege. Nyuma, kwenye chumba kirefu chenye dirisha la juu, kulikuwa na matangi kumi na manane ya kioo juu ya meza za mbao, na mle ndani mwenye amri hakuwa Velji. Alikuwa dada yake mkubwa, mjane tuliyemwita Mama Kanta, mwembamba, sari nyeupe, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa isije ikatumbukia majini.

Mimi nilikuwa mtu mzima tayari, nimeacha mke na mtoto nyumbani Samia, na nilikuwa nimekuja Nairobi kutafuta kazi ya useremala. Nilitengeneza meza moja ya tangi mle dukani, nikabaki. Siku yangu ya kwanza Mama Kanta aliinua chupa ya kioo mbele ya uso wangu. Ndani mlikuwa na viumbe vya urefu wa ukucha, mwili kama kioo, ukiona mpaka chakula kikipita tumboni.

"Wewe natoka Ziwa?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama. Samia, pale pale ufukoni."

"Hii nini?"

"Hao ni kamba wadogo wa ziwani, mama. Kwetu tunawaanika juani. Chakula cha kuku."

Mama Kanta hakuwa amekula nyama, samaki wala yai tangu azaliwe.

"Hapa hapana kuku," alisema. "Hapa hii iko mgeni. Yeye natoka Kisumu na treni, siku mbili ndani ya debe. Wewe naua moja, mimi najua. Iko arobaini na moja."

Nikapewa tangi lao nililinde. Siku ya tatu nilifika asubuhi nikakuta miili sita imelala chini, myeupe, haina uhai, miguu yote ipo. Niliitoa kwa unyoya wa kuku, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaitia mfukoni. Nilishinda siku nzima nikifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Jioni Mama Kanta alikuja kuwahesabu, akiwafuata kwa kidole mmoja mmoja kwenye kioo, na mimi nimesimama nyuma yake nikijiandaa kurudi useremala.

"Arobaini na moja," akasema.

Nilitoa kitambaa mfukoni na kumwonyesha. Alicheka mpaka miwani ikateleza, na katika miaka yote niliyokaa naye sikumbuki kumwona akicheka hivyo tena. "Zakaria, hii iko nguo yake! Yeye nakua, navua nguo."

Kwa hiyo andikeni hili la kwanza. Kamba akikua huvua gamba, na gamba hilo linafanana na maiti yake. Usilitoe, atalila mwenyewe. Na akishavua, siku moja au mbili mwili wake ni laini kama ute, na hapo samaki yeyote anaweza kumrarua. Ndiyo maana tangi la mchanganyiko lisilo na maficho huua kamba hata kama samaki wake ni wapole. Weka mawe yenye nafasi katikati. Weka nyasi za majini nyingi kuliko zinavyopendeza macho. Mteja atalalamika kwamba haoni kamba wake. Mwambie hiyo ndiyo dalili kwamba wapo.

La pili ni mdomo. Mama Kanta hakuamini sifa za samaki, kwamba huyu mpole na yule mkorofi. Alitazama mdomo. Kinachoingia mdomoni kitaingia. Daktari mmoja wa meno alitaka kuwaweka kamba ishirini pamoja na samaki wale wapana wenye mapezi marefu, kwa sababu wanaitwa malaika. Tulimkataza. Alinunua. Siku ya nne alirudi kutulaumu kwamba tumemuuzia kamba wasio na akili.

La tatu ni maji. Kamba hahamishwi kwa kumwagwa. Anawekwa kwenye chupa na maji yake, kisha maji ya tangi jipya yanadondoka humo tone baada ya tone kupitia mpira mwembamba uliofungwa fundo, muda wa kutosha kupika maharagwe. Na maji ya bomba yakae kwanza kwenye debe siku mbili, yatoe harufu ya dawa ya jiji. Debe la samaki liwe la samaki tu.

La nne lilikuwa kwenye rafu ya juu, katika chupa iliyofungwa kitambaa chekundu: mrututu. Mnaujua, zile chembe za buluu za shaba. Samaki akiota madoa meupe, mrututu kidogo sana unamponya. "Samaki, dawa," aliniambia Mama Kanta, akiishika chupa ile mbali na kifua chake. "Kamba, sumu. Konokono, sumu. Kidogo kama chumvi ya jicho, yeye nakufa, na samaki hapana jua kitu." Kulikuwa na debe moja kuukuu la kuyeyushia mrututu, na lilikaa peke yake kwenye kona. Nilisikia. Nataka mjue kwamba nilisikia.

Sasa niwaeleze kuhusu woga, maana ninyi mmekuta mji mwingine. Miaka ile ya hamsini mtu alitoka nyumbani asubuhi bila kujua kama jioni atarudi. Magari ya askari yalifunga barabara ghafla, watu wakaketishwa chini mikono kichwani, wakapitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Mtu yule alitikisa kichwa, ukapandishwa lori, au hakutikisa. Sisi watu wa magharibi hatukusakwa kama Wakikuyu, lakini askari mwenye haraka hasomi karatasi yote. Nilikuwa nikilala nimekiweka kipande changu cha utambulisho chini ya shavu. Nilijifunza kutambua mlio wa lori la serikali kabla halijakata kona, na mpaka leo, mzee mzima, likipita lori zito huwa naacha kutafuna.

Duka lilikuwa na wateja Westlands, wakati ule ikiwa ni miti, michongoma na mbwa. Nilikuwa nikiwaendea kwa baiskeli kila juma, debe la maji limefungwa nyuma. Nyumba moja ilikuwa ya Bwana Halden. Kazi yake watumishi hawakuitaja, walisema tu, "anauliza watu." Mkewe alikuwa mgonjwa wa kifua na alishinda kwenye kiti cha ukumbini, akitazama tangi tulilompangia: samaki wadogo wa mkia wa rangi, konokono, na kamba thelathini kutoka ziwani kwetu.

Mpishi wa nyumba ile aliitwa Njoroge, mtu wa kijiji cha Kabiria, wa makamo, ambaye mimi nilimwita Baba Wambui kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuwa mtu wa maneno machache ya pembeni. Nikimaliza kazi alinipa chai kwenye mkebe wa jamu, mlango wa jikoni.

"Wewe mtu ya samaki, kuja kunywa," alikuwa akisema. "Hiyo dudu yako inalala vizuri kwa nyumba ya mawe kuliko mimi."

Maji ya tangi yakipungua katikati ya juma, yeye ndiye aliyeyaongeza, kwa ndoo niliyomwachia. Alifanya hivyo kwa uangalifu kunishinda. Alikuwa na karatasi ya ruhusa ya kutoka Kabiria hadi Westlands na kurudi, na aliigusa kupitia shati kila alipopita getini, kama mtu anayehakikisha moyo bado unapiga.

Jumatatu moja tulikuwa na samaki wenye madoa dukani. Niliyeyusha mrututu katika debe lake, nikawatibu, nikamwaga yaliyobaki. Jumanne asubuhi nilitaka kwenda Westlands nikakuta debe langu zuri limepasuka mshono na linavuja. Mama Kanta alikuwa hekaluni. Kulikuwa na jua, nilikuwa nimechelewa. Nilichukua lile debe la kona, nikalisuuza mara tatu, nikalinusa, nikalitazama ndani, nikaona safi. Nikahamishia humo maji yaliyokaa, nikaenda, nikabadilisha sehemu ya maji ya tangi la Bwana Halden, nikanywa chai, nikarudi. Kazi ya kawaida kabisa.

Alhamisi asubuhi dereva wa Bwana Halden alikuja dukani na gari. Aliniambia nipande. Hakusema zaidi na hakunitazama.

Nilipoingia ukumbini Bwana Halden alikuwa amesimama kando ya tangi, bastola kiunoni juu ya nguo za nyumbani. Mke wake hakuwapo kitini. Nilitazama majini. Kamba wote walikuwa wamekufa. Hawa hawakuwa magamba. Walikuwa wamegeuka rangi ya waridi kama waliochemshwa, wamelala ubavu kati ya mawe. Konokono walikuwa wamening'inia nje ya nyumba zao. Na juu ya maiti hizo samaki walikuwa wanaogelea, wazima, wanakuja mbele ya kioo kuomba chakula.

"Nani natia sumu hapa?" aliuliza Bwana Halden. Hakupaza sauti.

"Sijui, bwana."

"Maji ya hii tangi natoka jikoni. Maji ya chai ya memsahib natoka jikoni. Leo dudu. Kesho nani?"

Alinishika bega akanigeuza nitazame dirishani. Nyuma ya nyumba, karibu na kamba za kuanikia nguo, Baba Wambui alikuwa amekaa chini, aproni bado kiunoni, mikono kichwani, askari wawili juu yake. Alikuwa anatazama ardhi. Ndoo yangu ilikuwa mbele yake kama shahidi.

"Yeye najaribu kwanza kwa samaki," alisema Bwana Halden. "Mimi najua hii watu."

Akaniamuru nilikague tangi nimwambie ni sumu gani. Nilipiga magoti. Nikatia mkono, nikatoa kamba mmoja, nikamweka kiganjani. Nilianza kujiuliza kama nilivyofundishwa: kitu gani kinaua kamba na konokono na kuwaacha samaki? Nilifika kwenye jibu kabla swali halijaisha. Niliona debe lile la kona kichwani mwangu, na mshono wake wa chini, ule uliokunjwa, ambapo kitambaa hakifiki na macho hayafiki.

Nilitaka kufungua mdomo na mdomo haukufunguka. Niliwaza: nikisema ni mimi, atasema tulipanga wawili. Nikaona mke wangu akipokea barua Samia, akitafuta mtu wa kumsomea. Nikaona gunia lenye matundu mawili.

"Sijui, bwana," nilisema tena. "Labda mama dukani anajua. Niende nikamuulize."

Aliniruhusu. Nilipokuwa natoka kwa mlango wa jikoni, lori lilikuwa limefika. Baba Wambui aliinuliwa kwa mikono miwili. Alipita karibu nami kiasi cha mkono mmoja. Alinitazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa ananiuliza kitu. Mimi nilitazama matairi ya lori.

Dereva hakuambiwa anirudishe, kwa hiyo nilitembea. Kutoka Westlands hadi mjini, nilitembea nikiwa na maneno tayari mdomoni, na kila nilipopita kizuizi cha askari niliyameza. Nilifika dukani saa sita. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kona, nikalipindua debe juani, nikakwangua mshono wa chini kwa kisu. Unga wa buluu ulibaki kwenye ncha ya kisu.

Mama Kanta alikuwa nyuma yangu. Alitazama kisu, akanitazama mimi.

"Wapi?" aliuliza.

"Kwa Bwana Halden, mama. Wamekufa wote. Na wamemchukua mpishi. Wanasema ametia sumu."

"Wewe nasema iko debe?"

Nilitikisa kichwa. "Sikusema. Niliogopa."

Bwana Velji alikuwa amesikia kutoka mbele. Alikuja haraka akafunga mlango wa katikati. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wanne na leseni iliyoweza kufutwa kwa barua moja. Walizungumza Kigujarati, yeye haraka haraka, dada yake polepole. Kisha Velji akanigeukia kwa Kiswahili.

"Zakaria, nyamaza. Osha debe. Wao nauliza mpishi, naona hapana kosa, naachilia. Wewe nasema, wao nafunga duka, nafunga wewe, nafunga mimi."

"Wao hapana achilia mtu," alisema Mama Kanta. Alikuwa tayari anavaa viatu. "Zakaria, usioshe hiyo debe. Leta chupa mbili kubwa. Leta kamba kumi na samaki nne. Na maji yetu mzuri, debe nzima."

"Kanta!" alipiga kelele kaka yake, sauti ikikatika.

"Wewe kaa na ndege yako," alimwambia. "Mimi iko mzee. Nani nafunga mzee?" Lakini alipokuwa akifunga uzi wa miwani, niliona vidole vyake havishiki fundo. Ikabidi nimfungie.

Tulikwenda kwa teksi, lile debe la kona miguuni pangu. Getini askari alitaka kuturudisha, na Mama Kanta alipita kana kwamba hakumwona. Bwana Halden alikuja barazani akiwa na leso ya chakula mkononi. Mke wake safari hii alikuwepo, nyuma ya mlango wa wavu, blanketi mabegani.

Mama Kanta alinisukuma mgongoni kwa kidole kimoja. Nikasema. Nilisema yote, jina la dawa, debe, mshono, siku, kwamba nilisuuza na haikutosha, kwamba Njoroge hakugusa kitu ila ndoo safi. 

"Asubuhi wewe nasema hapana jua," alisema Bwana Halden.

"Niliogopa, bwana."

"Sasa hapana ogopa?"

"Sasa naogopa zaidi, bwana."

Akasema: "Wewe naweza kuwa rafiki yake. Wewe naleta hadithi kusaidia yeye."

Hapo ndipo Mama Kanta alipoweka chupa mbili juu ya ukingo wa baraza. Ya kwanza aliijaza maji mazuri. Kwa ya pili alimwaga maji kwenye lile debe, akalitikisa, akayamimina. Ukiyatazama kwa macho, maji yalikuwa sawa. Akatia kamba watano na samaki wawili katika kila chupa.

"Angalia," alimwambia Bwana Halden. "Samaki nakaa. Kamba ya hii nakufa. Kama hapana kufa, Zakaria naongopa."

"Kama hapana kufa," alisema Bwana Halden, "yeye napanda lori."

Mke wake aliomba kiti chake kisogezwe nje. Tukaanza kungoja.

Nimewatunza kamba maisha yangu yote ya kazi. Nimewanyima usingizi watoto wangu kwa ajili ya kamba. Siku ile tu ndiyo niliyosimama juani na kuwaombea kamba wafe. Mwanzoni walizunguka chupani kwa furaha, wote kumi, wakipapasa kioo. Robo saa ikapita. Nusu saa. Wale wa chupa ya pili walikuwa wanakula kinyesi cha samaki bila wasiwasi wowote. Nilianza kujiuliza kama unga wote ulikuwa umeshatoka Jumanne, kama kisu changu kilikuwa kimekwangua mabaki ya mwisho. Jasho liliniingia machoni na sikuthubutu kuinua mkono kulifuta, maana askari alikuwa amesimama karibu na sikutaka aone mkono ukisogea.

Midomo ya Mama Kanta ilikuwa inatembea. Yeye, ambaye hakuua hata mchwa, alikuwa amewatia watano kwenye sumu kwa mkono wake mwenyewe.

Dakika arobaini zilikuwa zimepita mmoja alipoanza kuruka. Aliruka juu, akaanguka, akaruka tena akigonga kioo, kisha akalala ubavu akipiga miguu. Wa pili akafuata. Mke wa Bwana Halden aliweka mkono mdomoni. Saa tisa ilipofika, watano wa chupa ya pili walikuwa chini, wakianza kugeuka rangi, na samaki wawili walikuwa wakiogelea juu yao. Katika chupa ya kwanza wote walikuwa wazima.

Mke wake alimwambia neno kwa Kiingereza, moja tu, jina lake. Bwana Halden aliingia ndani. Tulisikia simu ikizungushwa.

Alipotoka aliliinua debe, akautazama mshono, akalitupa uani. Aliniambia nisikanyage tena pale, jambo ambalo sikulilalamikia. Kuhusu Baba Wambui alisema tu kwamba amepiga simu.

Wiki nzima sikupata habari yake. Mama Kanta hakunifukuza wala hakunisamehe. Alinipa rangi nyekundu na kunifanya nipake madebe mapya ya dawa ndani na nje na kuyang'oa mishikio, kisha akanifanya nitoboe vitako vya yale makuukuu yasije yakabeba maji tena. Ndiyo sababu mnaona debe la dawa kwetu halina mshikio. Mtu akitaka kulitumia kwa kosa, mkono ukose pa kushika. Fanyeni hivyo hivyo.

Wiki ya pili mtunza bustani wa jirani yake Bwana Halden aliniambia Njoroge ameachiliwa, lakini hakurudishiwa kazi. Yuko nyumbani Kabiria. Jumapili nilikwenda kwa miguu. Kuingia tu kijijini walinzi walinisimamisha, wakaniuliza mimi nani, natafuta nini kwa Njoroge, nimejuana naye wapi. Nilijibu mara tatu. Watu walitazama kutoka milangoni na kurudi ndani.

Nilimkuta ameketi nje ya nyumba yake. Alikuwa amekonda. Mkewe alinipa kigoda akaondoka. Nilimsalimia, akageuza uso ili sikio lake la kulia linielekee, na ndipo nikaelewa kwamba la kushoto halisikii. Halikuwa hivyo wakati wa chai ya mkebe.

"Baba Wambui," nilisema, "ni mimi niliyeua wale kamba. Ni debe langu."

"Waliniambia."

"Nilijua asubuhi ile ile. Nilipopiga magoti kwenye tangi, nilijua. Ulipopita ukanitazama, nilikuwa najua."

Kuku walipita kati yetu.

"Ulisema saa ngapi?" aliniuliza.

"Saa nane. Wakaamini saa tisa."

Aliinua mkono, akaanza kuhesabu kwa kidole gumba juu ya vidole vingine, bila haraka.

"Hii," alisema, akaligusa sikio, "ilikuwa saa saba."

Nilisikia maji yakinitoka puani kama mtoto. Yeye hakunitazama wala hakunikataza. Baadaye sana alisema, "Mimi pia, kwa lori, wakati wewe ulinyamaza, nilishukuru. Niliogopa utasema ni mimi. Mtu ikishikwa inasema jina yoyote." Akatingisha kichwa. "Tulikuwa tunaogopana, wewe na mimi."

Nilimwambia ningependa kuja tena, nimsaidie kuezeka, mimi ni seremala. Alitazama upande wa walinzi.

"Kuja," alisema. "Lakini usipite hapo nyuma kwa mahindi. Pita barabara kubwa, mchana, useme jina langu kwa sauti. Tangu nirudi watu inaogopa mlango yangu. Wakuone ukikuja kwangu."

Nilirudi Jumapili iliyofuata, saa sita, jua la utosi, misumari kwenye mfuko na msumeno begani. Walinzi waliniuliza naenda kwa nani. Nikalitaja jina lake kwa sauti hadi mlango wa kwanza ukafunguka, na wa pili, nami nikapita katikati ya barabara.